Uzi: Kijana anaandika jina, anapiga mstari, halafu anafunika karatasi

MaalimKaskazini (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanabaraza. Uzi wangu mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye kahawa akae.

Nasomesha hesabu kidato cha pili huku kaskazini ya Pemba, skuli siitaji. Nina kijana mmoja ananinyima usingizi. Si mtoro. Anafika kabla ya kengele, sare imepigwa pasi, daftari limefunikwa gazeti. Ukitoa jaribio anaandika jina lake kwa hati nzuri, anaandika tarehe, anapiga mstari wa pembeni kwa rula, kisha anaigeuza karatasi kifudifudi na kutazama mikarafuu dirishani mpaka wakati uishe. Hajaribu hata swali la kwanza, na swali la kwanza huwa naliweka jepesi makusudi ili kila mtu apate pa kuanzia.

Nilimhesabu mjinga mpaka msimu wa karafuu uliopita. Jioni moja nilipita kwao, wachumaji wanarudi na mapakacha yao, babu yake kakaa na pishi, na huyu kijana kasimama pembeni anamwambia babu kila mtu anadai ngapi. Kichwani! Mmoja kachuma pishi saba na nusu. Mwengine pishi tano na robo, lakini juzi alikopa kidogo, basi kijana anatoa, anajumlisha, babu analipa. Hakuna karatasi, hakuna simu. Nilisimama pale na aibu yangu, maana wiki ile ile nilikuwa nimempa sifuri ya kujumlisha sehemu.

Nikakumbuka somo moja la saikolojia tulilopitishwa mbiombio chuo cha ualimu. Mie nitaliita unyonge wa kufunzwa, mwenye jina zuri zaidi alilete.

Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, watafiti wawili vijana, Martin Seligman na Steven Maier, walifanya jaribio kwa mbwa. (Najua, mbwa. Mtanivumilia, hakuna aliyekwambieni mumguse.) Waliwagawa mafungu matatu, wanane kila fungu. Fungu la kwanza walifungwa kwenye mikanda wakawa wanapigwa shoti za umeme, lakini pembeni mwa kichwa kulikuwa na vibao. Mbwa akisukuma kibao kwa kichwa, shoti inakatika. Fungu la pili walifungwa vile vile na kupigwa shoti zile zile, ila vibao vyao vilikuwa vimekufa. Shoti yao ilikatika kwa kipimo cha mwenzao wa fungu la kwanza. Fungu la tatu hawakuguswa.

Tazameni ufundi wake. Fungu la kwanza na la pili wameumia sawasawa, wote muda ule ule. Tofauti yao moja tu: huyu akihangaika anapata kitu, yule akihangaika hapati.

Baada ya saa 24 wakatiwa kwenye sanduku la vyumba viwili, katikati kizuizi cha kimo cha bega la mbwa. Taa inafifia, sekunde 10 baadaye sakafu inatoa umeme, mbwa akiruka upande wa pili kasalimika. Fungu la kwanza waliruka. La tatu waliruka. La pili, 6 kati ya 8 walishindwa karibu mara zote. Mwanzo walikimbia huku na huku wakilia, kisha wakalala chini kungoja umeme uishe wenyewe. Kizuizi kile angekiruka mbwa koko yeyote wa hapa Konde.

Sasa linalonichoma. Mie nachapa. Nimechapa miaka kumi na moja. Mtoto akikosa swali, fimbo. Asipoandika, fimbo. Akipata hakuna fimbo, lakini huyu hajapata tangu hesabu zilipomgeukia Kiingereza darasa la tano. Ukiuuliza mkono wake, "ukiandika utapata nini?", utakujibu fimbo. Usipoandika? Fimbo ile ile. Kwa nini basi ajichoshe? Kibao chake ni mie niliyekitoa waya.

Swali langu kwenu: mtu akishafika hapo, anarudishwa vipi?


KahawaChungu

Nimekaa mbele, kashata mkononi. Endelea Maalim.


MtotoWaMichenzani

Maalim umelainika. Sisi tulichapwa kwa henzirani, tukachapwa skuli, tukenda chuoni tukachapwa tena, na tumesoma, leo tuna kazi zetu. Huyo kijana mvivu, anajua kuhesabu pesa tu. Na mbwa na mtoto wa Kiislamu wapi na wapi?


MaalimKaskazini

Ndugu yangu wa Michenzani, kumbuka katika lile fungu la pili mbwa 2 waliruka. Wangekuwa na simu wangetuandikia humu kwamba shoti haina neno, inajenga. Wale 6 wangeandika nini? Hebu hesabu darasa lenu la kwanza mlikuwa wangapi, na humu mko wangapi.

Na kuhesabu pesa ni kuhesabu. Tena kuna robo na nusu ndani yake.


BintiWaMwani

Maalim shikamoo. Nimekusoma na nimekuelewa, ila neno lako linanitia wasiwasi, na nitakwambia kwa nini.

Mimi wa Paje. Mama yangu analima mwani tangu ulipoingia pwani yetu mwishoni mwa miaka ya 80. Maji ya bamvua yakitoka, anashuka na mbegu na kamba na vigingi, anainama saa nne, tano, chumvi inamla miguu. Zamani walilima kotonii, aina ya mwani, ndiyo yenye bei. Bahari ilipozidi joto kotonii ikawa inageuka nyeupe, inakatika, inachukuliwa na maji. Wakabaki na spinosamu, ambayo kilo yake ukitajiwa unacheka kwanza ndipo ulie. Anayenunua ndiye anayetaja bei. Usipouza kwake, urudi nao nyumbani ukaupike?

Akaja bwana mmoja na kitini chake, sijui katoka mradi gani, akawakusanya kinamama chini ya mkungu akawaambia, "Tatizo lenu mmekata tamaa, badilisheni fikra." Mama akanyoosha mkono. "Mwanangu, nikibadilisha fikra, bei inabadilika?" Yule bwana akaendelea na ukurasa wa pili.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yule mbwa wa fungu la pili siku ya kwanza hakuwa na kasoro ya fikra. Alikuwa SAHIHI. Kibao kimekufa, na yeye kakijaribu kaona kimekufa. Kosa lake limeanza siku ya pili, alipobadilishiwa sanduku bila kuambiwa. Sasa sisi watu wa visiwani tunapenda kupewa dawa ya siku ya pili na hali bado tumefungwa kwenye mkanda wa siku ya kwanza. Kabla hujamwita mtu mnyonge wa kufunzwa, ruka wewe kwanza huko upande wa pili, ukae kidogo, uone kama hakuna umeme.

Simzungumzii kijana wako. Wewe umekiri mwenyewe kuwa waya umeutoa wewe, Mungu akulipe kwa hilo.

Nimalizie. Mama siku hizi yumo kwenye kikundi, wanasaga mwani wanapika sabuni, wanatia mafuta ya nazi na karafuu zenu za Pemba. Pesa si nyingi kivile. Lakini bei wanapanga wao. Kuna mtalii alisema ghali, mama akamwambia basi iache. Alivyorudi nyumbani alituhadithia mara tatu hiyo ya "basi iache". Zile alizouza siku hiyo hata hakuzitaja.


KahawaChungu

Basi iache 😂 Salamu zangu kwa mama.


MaalimKaskazini

Binti, marahaba. Hapo umenisahihisha na nimesahihika. Siku ya kwanza alikuwa sahihi. Nimelala na hiyo sentensi.


NesiWaZamu

Nimetoka zamu ya usiku, nikikosea herufi mnisamehe.

Maalim, hilo somo ulilopitishwa lina nyongeza nyingi baada ya 1967, na moja ni kubwa, imelipindua jina lenyewe. Nitafika huko.

Watu nao walijaribiwa. Mwaka 1974 Donald Hiroto alichukua wanafunzi wa chuo, badala ya umeme akawapa makelele makali. Baadhi kitufe chao kilizima kelele, baadhi hakikuzima kitu. Kisha wote wakapewa kisanduku kingine, ukisogeza mkono upande wa pili kelele zinakatika. Wale wa kitufe kibovu wengi walikaa wakazisikiliza. Wasomi hao, wazima wa afya, na hawakufungwa kamba.

Kabla yake David Glass na Jerome Singer walikuwa na jaribio ninalolipenda kuliko yote. Watu wanafanya kazi ndani ya kelele, wengine wameambiwa: kitufe hicho hapo, ukizidiwa bonyeza, ila tungependa usibonyeze. Wengi hawakukigusa. Lakini baadaye walipopewa mafumbo magumu walivumilia zaidi, na kwenye kusahihisha maandishi walikosea kidogo kuliko wasiokuwa na kitufe. Kelele ni zile zile, kitufe hakijaguswa!

Mliokuwepo Unguja wakati wa giza lile, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, mtanielewa haraka. Miezi mitatu hakuna umeme. Mtaani kwetu alikuwepo mzee ana jenereta ndogo, petroli hana, na nadhani hata ile jenereta yenyewe ilikuwa mbovu. Akiulizwa anajibu, "Ninayo, nikitaka nawasha." Hakuwasha hata usiku mmoja. Sisi tuliokuwa hatuna tuligombana na mbu, tukagombana sisi kwa sisi, yeye anakoroma dirisha wazi.

Sasa kijana wako. Mwaka 1978 Seligman na wenzake wawili, Lyn Abramson na John Teasdale, waliona kwamba shoti peke yake haitoshi kueleza, kwani kuna watu hushindwa wakainuka na wengine wakalala. Wakatazama mtu anajielezaje akishindwa. Ni mimi au ni hali ilivyokuwa? Ni leo tu au ndiyo siku zote? Ni hili moja au ni kila ninachoshika? Anayejibu "mimi, siku zote, kila kitu" ndiye wa kumwogopea. Kijana wako akisema hesabu hazimfai, amejibu mimi, na siku zote. Lakini "kila kitu" hajasema, kwa sababu jioni anasimama mbele ya pishi la babu yake na kichwa kinafanya kazi. Huo mlango haujafungwa. Ungekuwa umefungwa ungemwona hata kwenye karafuu anakaa kimya.

Na sasa pindua meza. Mwaka 2016, karibu miaka 50 baada ya wale mbwa, Maier na Seligman wenyewe waliandika kwamba walilielewa jambo kichwa chini miguu juu. Maier alikuwa ameshapita miaka mingi kwenye ubongo wa panya. Walichokiona ni hiki: mnyama akipata mateso ya muda mrefu, kuna kiini kidogo kwenye shina la ubongo, kiini cha rafe, kinamwaga serotonini, kemikali ya ubongo, na mnyama anazubaa, anaacha kupambana. Hilo halifundishwi. Ndivyo mwili ulivyoumbwa, mateso yakirefuka unajilaza. Kinachofundishwa ni kinyume chake. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji, ikigundua kwamba "nilichofanya kimeleta tofauti", inatuma habari chini na kile kiini kinatulizwa. Na habari hiyo inakaa. Panya aliyewahi kupata mateso anayoweza kuyakata, ukimtia baadaye kwenye yasiyokatika halali kama wenziwe.

Kwa hiyo wale mbwa wa fungu la pili hawakujifunza unyonge. Unyonge walikuja nao, kama sisi sote. Walichokosa ni kufundishwa kwamba kichwa chao kina kazi. Wewe ulidhani una mtoto wa kumfuta kitu kichwani. Hakuna cha kufuta. Kuna cha kutia ambacho hakijawahi kutiwa.

Umeuliza anarudishwa vipi. Mwaka 1968 Seligman na Maier walijaribu kuwarudisha mbwa wanne. Waliondoa kizuizi. Walimwita mbwa. Walimtupia chakula upande wa pili. Hainuki! Mwishowe wakamfunga kamba shingoni wakamvuta kuvuka, tena na tena, mara makumi, huku wakiona kila mara anavutika mwepesi kidogo kuliko mara ya kabla, mpaka siku akavuka mwenyewe. Na akishavuka mwenyewe hakurudia kulala.

Maneno mazuri wewe unayo mengi, naona. Tafuta kamba.


MtotoWaMichenzani

Nesi, huyo mzee wa jenereta alikuwa akikaa wapi? Mbona kama baba yangu 😅


NesiWaZamu

Mtaa siutaji. Alikuwa na baiskeli ya kijani.


MtotoWaMichenzani

Basi ni yeye. Jenereta bado ipo, tumeifanya pa kulalia kuku.


UstadhMsafiri

Wa alaykumu salaam. Nimesita kuchangia kwa sababu ya mbwa, kisha nikaona elimu ni elimu.

Watu wengi mabarazani wanachanganya tawakkul, yaani kumtegemea Mungu, na huko kulala kwenye sanduku. Mtu hajapeleka maombi ya kazi, anasema riziki imeandikwa. Mtoto ana homa siku tatu, qadar. Yule bedui alipomuuliza Mtume (S.A.W.) amfunge ngamia wake au amwache na amtegemee Mungu, aliambiwa mfunge kisha utegemee. Kufunga kwanza. Mkono ufanye kazi yake, na kilichobaki ndicho cha kumwachia Mwenye nacho.

Ila na mimi nina langu la kuungama, maana nimeona Maalim kafungua mlango. Chuoni kwangu nilikuwa namchapa mtoto aliyekosea aya, na aliyenyamaza nikamchapa kwa kunyamaza. Sijui kwa nini sikuwahi kuiona hiyo hesabu.


MiakaSita

Mimi naitwa jina hili kwa sababu ni miaka sita sijagusa unga, yaani madawa ya kulevya. Nilipita soba hausi, nyumba ya kuachia madawa, kwa hiyo mambo ya unyonge nayajua kwa ndani.

Kitu kilichonichanganya siku za mwanzo ni hatua ya kwanza. Unasimama mbele ya wenzako unakiri kwamba huna nguvu juu ya uraibu wako. Nikasema hawa watu vipi, mimi nimekuja hapa kwa sababu sina nguvu, mnataka niseme tena? Nilikaa maskani miaka minane nikisema siwezi. Baba kasema siwezi, polisi wamesema, mama mwenyewe aliacha kuniamsha.

Kumbe kukiri kule ni kwa kitu kimoja tu. Unga, siuwezi, basi. Vilivyobaki vyote wanakurudishia mikononi, tena bila huruma. Saa kumi na moja unaamshwa. Kitanda utatandika. Zamu ya kupika ikiwa yako, ni yako. Wiki ya pili niliunguza wali wa watu ishirini na kitu. Nikangoja watu waseme "ndiyo huyo teja". Hakuna. Waliniuliza, "Moto uliuacha mkubwa?" Nikasema ndiyo. "Kesho punguza." Kesho yake nikapunguza, wali ukatoka.

Mtacheka, lakini miaka minane hakuna kitu nilichofanya kikawa changu. Nikiiba, ni unga umeiba. Nikilia, ni unga unalia. Wali ulioungua ulikuwa wangu mimi. Nesi amesema kuna kitu cha kutia. Mimi kwangu kiliingia na harufu ya ukoko.


KahawaChungu

Kashata imenikwama kooni. Mungu akuzidishie ndugu.


UmmuBahati

Nimeusoma uzi wote. Binti wa Paje amesema kweli na mimi naiongezea upande wa majumbani.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia mmoja Mmarekani, Lenore Walker, alichukua nadharia hii ya mbwa akawaeleza nayo wanawake wanaopigwa na waume zao: kwamba hawaondoki kwa sababu wamefunzwa unyonge. Alikuwa na nia njema, watu walikuwa wakisema wanawake hao wanapenda kupigwa. Lakini mwaka 1988 watafiti wengine walitazama habari za wanawake zaidi ya 6,000 waliokimbilia nyumba za hifadhi huko Texas, wakakuta picha nyingine kabisa. Wanawake wale walikuwa wamehangaika. Wamepiga simu, wamekwenda kwa jamaa, wamekwenda polisi, na kadri kipigo kilivyozidi ndivyo walivyozidi kuhangaika. Waliolala ni wale waliokuwa wakifuatwa kuombwa msaada.

Kwetu mwanamke anakwenda kwa mama yake, anaambiwa vumilia una watoto. Anakwenda kwa wifi. Anakwenda kwa sheha, anaitwa mume, wanapatanishwa kwa soda. Anakwenda kwa kadhi, anaambiwa arudi Jumatatu. Akirudi nyumbani akanyamaza tunasema kazoea. Nilinyamaza hivyo mwaka mzima. Nilikuwa nahesabu nauli.


BintiWaMwani

Dada ❤️ Umefika?


UmmuBahati

Nimefika zamani. Mwanangu wa kwanza sasa yuko kidato cha nne.


MaalimKaskazini (wiki tatu baadaye)

Narudi na habari, wengine mmeniuliza pembeni.

Kwanza fimbo nimeiweka. Siwadanganyi, siku mbili za mwanzo nilikuwa sijui mikono niiweke wapi, nikaanza kushika chaki tatu kwa mpigo. Darasa lilipiga kelele wiki nzima. Mwalimu mwenzangu kanitania kwamba nimekuwa mtalii.

Kisha nikatafuta kamba, kama alivyosema Nesi. Jaribio la kwanza nikaandika maswali ya pishi. Wachumaji sita, huyu pishi kadhaa na nusu, yule na robo, babu alipe ngapi. Kwa Kiswahili. Nikajiona hodari kweli. Kijana akaandika jina, tarehe, akapiga mstari, akafunika. Kama kawaida.

Niliumia, ila nikamkumbuka yule mbwa na chakula kilichotupwa. Nilikuwa nimemtupia chakula tu.

Wiki ya pili nikamkalisha mbele na mwenzake, nikawapa karatasi moja kwa wawili, kalamu moja, na sharti kwamba kila mstari abadilishe mkono. Zamu yake ilipofika mwenzake akamsukumia kalamu. Akakaa nayo dakika nzima. Akaandika namba moja, akaikata, akaandika nyingine. Ilikuwa makosa. Nikamuuliza kama alivyoulizwa MiakaSita, "Robo uliihesabu mara ngapi?" Akasema mara mbili. Nikasema basi kesho ihesabu mara moja. Nikaenda meza nyingine haraka kabla sijaharibu.

Tukaenda hivyo hivyo. Siku nyingine mistari miwili, siku nyingine hakuna. Alhamisi moja aligoma kabisa na nikajikuta natazama kona ilipokuwa ile fimbo. Sikwambieni uongo.

Juzi nimetoa jaribio la kila mtu peke yake. Swali la kwanza: kilo 45 za karafuu mbichi, zikianikwa zitabaki kavu kilo ngapi, ikiwa theluthi moja ndiyo inayobaki. Nikamtazama kwa jicho la pembeni. Jina. Tarehe. Mstari kwa rula. Kisha mkono ukainuka. Kijana huyu hajawahi kuninyooshea mkono tangu aingie darasani kwangu.

"Maalim, hizo kilo 45, makonyo yameshatolewa au bado?"


NesiWaZamu

Ya Rabbi. Ukamjibu nini?


UstadhMsafiri

Hapo hata mimi sijui. Kwani inakuwa tofauti?


MaalimKaskazini

Ustadh, tofauti kubwa. Ukipima na makonyo yake, vile vijiti vinavyoshika karafuu, umejidanganya, uzito si wa karafuu. Mie niliyelitunga swali sikuliwaza hilo, yeye kaliwaza.

Nikamwambia, "Swali halikusema. Amua wewe, uandike juu umeamua nini."

Akafikiri. Akaandika juu ya karatasi kwa ile hati yake nzuri, "makonyo yametolewa", akakipigia mstari kwa rula, akaanza.